Ajali Ina Kinga

Popote ulipo, uwe Mbagala Rangi Tatu unagombania daladala ya Chamazi, uwe Tegeta unafunga duka, au uwe Chang'ombe unaingia zamu ya usiku, tuzungumze, msikilizaji. Nina neno ambalo huwa hatulisemi msibani, kwa kuwa msibani si mahali pake. Leo nitalisema.

Kijana anakufa kazini. Amefukiwa na kifusi, au mvuke umemuunguza, au mashine imemvuta. Majirani wanatandika mikeka, wanachanga, wanapika. Mtu wa kampuni anafika na bahasha, anatoa pole, na kabla hajaaga anasema maneno tunayoyajua sote: ajali haina kinga. Wazee wanaitikia, maana kuitikia ni adabu. Marehemu anasitiriwa. Wiki inayofuata kijana mwingine amesimama palepale alipokuwa amesimama mwenzake.

Mimi nasema ajali ya kazini ina kinga. Kinga hiyo inajulikana, imeandikwa kwenye sheria zetu, inafundishwa vyuoni na vifaa vyake vinauzwa madukani. Ila ina bei. Na mara nyingi, nyuma ya jeneza lililotoka kiwandani au kwenye jengo linalojengwa, yupo mtu aliyeiona bei hiyo akaamua kutoilipa. Uamuzi huo ndio ninaotaka tuutazame.

Tuanzie hapahapa Temeke. Mwaka 2006 jengo la Chang'ombe Village Inn liliporomoka. Waziri Mkuu wa wakati ule, Edward Lowassa, aliunda timu ya kukagua maghorofa ya jiji. Wataalamu wakazunguka, wakapima, wakaandika. Kisha ikaja Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013. Jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji, lilishuka lote asubuhi na kuua watu 36. Ilielezwa kwamba kibali chake kilikuwa cha ghorofa 10. Likafuata jingine: Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, Kariakoo, jengo lililokuwa na maduka na wateja ndani yake liliporomoka, na watu wapatao 30 wakapoteza maisha. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akatangaza timu nyingine ya kukagua majengo ya Kariakoo. Watu 3 wakafikishwa mahakamani kwa mashtaka ya kuua bila kukusudia.

Hesabu miaka, msikilizaji: 2006, 2013, 2024. Kila mara jengo, kila mara vifo, kila mara timu. Kitu ambacho mpangaji wa ghorofa ya tatu au muuza vitenge wa chini hajawahi kukipata ni ukurasa mmoja unaomwambia: jengo ulilomo lilikaguliwa, na hiki ndicho kilichoonekana.

Sasa tafakari zile ghorofa 6 zilizozidi mtaa wa Indira Gandhi. Ghorofa 6 hazipandi usiku mmoja. Kila ghorofa inataka malori ya kokoto na mchanga, mifuko ya saruji kwa mamia, tani za nondo, na wiki kadhaa za kazi mchana kweupe. Pembeni pana msikiti, wapo wapangaji, wapo wauza maji, wanapita maofisa wa manispaa na wanapita wahandisi. Kila aliyeinua macho angeweza kuhesabu. Kwa hiyo kuliona jambo hakukuwa tatizo. Tatizo ni kwamba walioona hawakuwa na uwezo wa kulisimamisha, na waliokuwa na uwezo wa kulisimamisha hawakulisimamisha.

Anayeona kabla ya wote kwenye kazi ya ujenzi ni saidia fundi. Yeye ndiye anayebeba ndoo, kwa hiyo anajua zege la leo limeongezewa maji ili liteleze vizuri. Anajua mchanganyiko uliotakiwa mifuko sita umetiwa minne. Anajua mirunda inayoshikilia ghorofa ya chini imeng'olewa mapema ili ikatumike ya juu, maana kununua mingine ni gharama. Zege likimwagwa leo halijakomaa leo. Linapata nguvu polepole, na kwa kawaida wahandisi hulipima ukomavu wake baada ya siku 28. Ukilitwisha mzigo wa ghorofa nyingine likiwa bado bichi, unaipakia nguzo ambayo haijawa nguzo. Saidia fundi hana cheti cha uhandisi, lakini mikono yake imeyagusa yote haya. Akiona ufa kwenye nguzo asubuhi, anauona kabla ya injinia ambaye atakuja Alhamisi.

Mbona hasemi?

Hasemi kwa sababu yeye ni kibarua. Alfajiri amefika getini na wenzake, msimamizi akatoka, akanyoosha kidole: wewe, wewe na wewe. Jina lake halikuandikwa popote. Jioni atapewa ujira wake mkononi. Akisema nguzo hii ina ufa, kesho kidole kitamruka. Nyumbani Mbagala Kuu au Mabibo kuna kodi ya chumba, kuna unga, kuna mtoto wa shule. Msimamizi naye ana bosi anayempigia simu kuuliza kazi imefika wapi, na jibu analijua kila mtu kwenye ujenzi: zege halilali. Hivyo anayeijua hatari zaidi ndiye mwenye nguvu ndogo zaidi ya kusema hapana. Hapo ndipo ajali zetu nyingi zinapotengenezwa, getini alfajiri, kabla hata mashine haijawashwa.

Jambo hili si la Dar es Salaam peke yake. Siku 26 tu baada ya jengo letu la mtaa wa Indira Gandhi kuanguka, tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza liliporomoka Savar, karibu na Dhaka, Bangladesh. Lilikuwa na viwanda vya kushona nguo zinazouzwa Ulaya na Marekani. Walikufa watu 1,134. Siku moja kabla, nyufa kubwa zilionekana ukutani na watu wakatolewa nje. Ndani ya jengo lilelile, ghorofa za chini, kulikuwa na tawi la benki na maduka. Benki iliwaambia wafanyakazi wake wasirudi, na siku iliyofuata hawakuwemo. Washonaji waliambiwa warudi kwenye cherehani zao, wengine wakitishiwa kukatwa mshahara, na wakarudi. Jengo lilikuwa moja, ufa ulikuwa mmoja, na taarifa ilikuwa moja. Aliyekuwa na mwajiri wa kumwambia baki nyumbani alipona.

Ndiyo maana sikubali kwamba usalama ni suala la elimu ya mfanyakazi tu. Tunabandika mabango: vaa kofia ngumu, vaa buti, usalama kwanza. Ni mazuri, yabaki. Lakini wale washonaji waliuona ufa kwa macho yao, na kuona hakukuwasaidia.

Turudi nyumbani. Tarehe 23 Mei 2024, usiku wa manane, katika kiwanda cha sukari cha Mtibwa, wilayani Mvomero, Morogoro, mfumo wa mvuke ulipasuka na kuua watu 11. Wengi wenu mnaofanya kazi kwenye viwanda vya nguo, vya vinywaji na vya sabuni mko karibu na boila kila siku, kwa hiyo mnajua ninachokisema. Maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600. Ukiyafungia, nguvu ile yote inasukuma chuma. Kinachosimama kati yake na mwili wa mtu ni unene wa bomba, ubora wa maungio, na vali ya usalama inayotakiwa kufunguka yenyewe shinikizo likizidi. Bomba huliwa na kutu kutoka ndani. Ukoko wa chumvi hujijenga. Vali isiyojaribiwa huganda. Yote haya yana vipimo na yana ratiba, na yana mahali pa kusaini. Kwa hiyo popote penye boila, maswali ni haya: ilikaguliwa lini, nani alisaini, na je, alipoandika kwamba bomba libadilishwe, lilibadilishwa, au mashine iliachwa izunguke kwa sababu msimu umepamba moto na soko linasubiri?

Sheria tunazo. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ulianzishwa mwaka 2001. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ikafuata mwaka 2003, ikachukua nafasi ya ile ya viwanda tuliyoirithi kwa mkoloni. Inamtaka mwajiri asajili sehemu ya kazi, awapime wafanyakazi afya, awape vifaa vya kujikinga, na awe na wawakilishi wa usalama kutoka miongoni mwa wafanyakazi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ni ya mwaka 2008, na mfuko wake, WCF, ulianza kazi mwaka 2015. Anayechangia mfuko huo ni mwajiri, si mfanyakazi. Siku hizi ni nusu asilimia ya mishahara anayolipa. Mtu akiumia, mfuko unagharamia matibabu, unamlipa akiwa hawezi kufanya kazi, unampa pensheni akibaki na ulemavu mkubwa, na akifa unawalipa wategemezi wake. Hili ni jambo jema sana na watu wengi wa Keko na Manzese hawalijui, kwa hiyo nalirudia: ukiumia kazini, si sadaka ya bosi unayoisubiri. Ni haki yako.

Lakini angalia haki hii inapopotelea. Mchango unahesabiwa kwa orodha ya mishahara. Kibarua hayumo kwenye orodha. Kampuni itakuambia huyu si wetu, ni wa wakala aliyetuletea watu. Wakala atasema mimi nilipeleka watu tu, mashine si yangu. Mkandarasi mkuu atasema ni wa mkandarasi mdogo. Mwenye jengo atasema mimi nilitoa fedha, wataalamu nililipa. Manispaa itasema kibali tulichotoa kilikuwa cha ghorofa 10. Kila mmoja anashika kipande cha karatasi, na mke wa marehemu anazunguka ofisi hadi ofisi na cheti cha kifo mkononi.

Wajibu wa kampuni lazima ufuate faida. Anayepata faida ya kazi ya kibarua ndiye mwajiri wake, hata kama katikati wamesimama mawakala watano. Ghorofa ya juu ikipangishwa, kodi haiendi kwa wakala wa vibarua. Doti ya kanga ikiuzwa, fedha haiendi kwa msimamizi wa getini. Fedha ikiijua njia ya kupanda juu, lawama nayo ipande kwa njia hiyohiyo.

Yupo pia mtu mwingine ambaye hakuajiriwa na yeyote: jirani. Watu wa Temeke hawahitaji kufundishwa juu ya hili. Tarehe 29 Aprili 2009 mabomu yalilipuka kwenye ghala la jeshi Mbagala Kizuiani. Watu zaidi ya 20 walikufa, nyumba zikabomoka, wazazi wakakimbia bila kujua watoto wako wapi. Haikupita miaka 2, tarehe 16 Februari 2011, ghala jingine la jeshi likalipuka Gongo la Mboto, na vifo vikawa zaidi ya 20 tena. Lile lilikuwa jeshi na si kampuni, na ninalitaja kwa heshima ya waliofiwa. Ninalitaja kwa sababu limetufundisha kitu ambacho kila kiwanda kinapaswa kukisikia: ukihifadhi kitu cha hatari katikati ya watu, watu hao ni wako pia. Hukuwaajiri, lakini umewatia ndani ya hatari yako, na wana haki ya kujua wanaishi na nini.

Wenzetu wa Kenya wamelipa bei ileile. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi ililipuka mtaa wa Mradi, Embakasi, Nairobi, moto ukasambaa kwenye nyumba za watu, ukaua watu kadhaa na kujeruhi mamia. Mamlaka ya nishati ya Kenya, EPRA, ilieleza kwamba maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali pale yaliwahi kukataliwa mara 3 mwaka 2023, kwa kuwa eneo lilijaa watu mno. Hapana ilitamkwa mara 3 kwenye karatasi, na gesi ikajazwa hata hivyo. Hapa kwetu, pale unapoona mitungi inajazwa gesi uani kwa mtu, nyuma ya saluni na jikoni kwa mama lishe, kumbuka kwamba gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai juu ikaondoka. Inatambaa chini, inaingia vyumbani, inasubiri cheche.

Kuna mfano wa Kenya unaonipa moyo. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitoa sumu ya risasi iliyoingia kwenye damu ya watoto wa mtaa. Phyllis Omido alikuwa mwajiriwa wa kiwanda kile. Mwanawe mchanga aliugua, na vipimo vikaonyesha risasi mwilini mwake. Akasema. Alitishwa, alikamatwa, akashtakiwa, akaachiwa, akaendelea kusema. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na haikuishia kwa wenye kiwanda. Ilizihesabia kosa pia ofisi za serikali zilizotoa vibali na kufumba macho. Ushindi ule ulipopingwa kwenye rufaa, Mahakama ya Juu ya Kenya iliurudisha Desemba 2024. Miaka 10 baada ya kiwanda kufungwa! Haki ilikuja, lakini ilipitia kwenye mgongo wa mama mmoja aliyekuwa tayari kupoteza kila kitu. Nchi haiwezi kuendeshwa kwa kutegemea mashujaa. Tunahitaji utaratibu unaomwezesha mtu wa kawaida kusema bila kuwa shujaa.

Najua kuna mwenye kiwanda ananisikiliza na ana hoja. Atasema: gharama ni kubwa, kodi ni nyingi, umeme ghali, bidhaa za nje zinaniua sokoni, ukinibana zaidi nitafunga, na hao vibarua unaowatetea watakosa hata huo ujira. Hoja hii siidharau. Kazi tunazihitaji, na vijana wanaopanda mabasi alfajiri kwenda viwandani Mkuranga wanazihitaji kuliko mimi ninayesema hapa. Ila naomba tuangalie kilichotokea Bangladesh baada ya Rana Plaza. Mwezi uliofuata, kampuni za nguo za Ulaya na vyama vya wafanyakazi zilianza kutia saini mkataba wenye nguvu ya kisheria. Viwanda vikakaguliwa kimoja kimoja, taarifa za ukaguzi zikawekwa wazi kwa kila mtu kusoma, na mfanyakazi akapewa haki ya kukataa kuingia kwenye jengo la hatari bila kufukuzwa. Wapo waliotabiri kwamba biashara ya nguo itakimbia nchi ile. Haikukimbia. Bangladesh imeendelea kuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa nguo duniani.

Kwa hiyo ninaomba mambo manne, na yote yanawezekana bila kusubiri msaada wa mtu wa nje.

La kwanza, taarifa za ukaguzi zitolewe. Kila timu iliyoundwa tangu 2006, ilichokiona kiwekwe wazi, jengo kwa jengo. Na kila kiwanda na kila ujenzi ubandike getini, kwa Kiswahili kikubwa kinachosomeka, tarehe ya ukaguzi wa mwisho na kasoro zilizotakiwa kurekebishwa.

La pili, kibarua aandikwe. Jina, namba ya simu, tarehe na kazi aliyopewa, kabla hajavuka geti. Simu ya mkononi inatosha kwa kazi hiyo. Anayeandikwa anafidiwa, asiyeandikwa anafukiwa mara mbili.

La tatu, anayesimamisha kazi kwa sababu ya hatari alipwe siku yake. Akikosea, mhandisi atamwelimisha na kazi itaendelea baada ya saa moja. Akiwa sahihi, saa hiyo moja imeokoa watu. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi, naomba jambo hili liwe kwenye kila mkataba wa hali bora mtakaosaini.

La nne, mjumbe wa mtaa na serikali ya mtaa wajulishwe kila kitu cha hatari kinachohifadhiwa kwenye eneo lao, na wananchi waambiwe wakimbilie wapi kikilipuka. Wengi wetu tunaijua 114, namba ya Zimamoto. Njia ya kutokea hatuijui.

Nawe mwenye kampuni, nikutazame wewe mwishoni, kwa sababu wewe ndiye unayeweza kuanza bila sheria mpya na bila tume. Kesho asubuhi, kabla hujauliza mauzo, shuka mpaka getini. Mwite kibarua aliyekaa nawe muda mrefu kuliko wote, mketi mahali ambapo msimamizi hawasikii, umuulize ni kitu gani hapa kazini anachokiogopa. Msikilize mpaka amalize. Kisha kirekebishe, na mlipe siku yake nzima.

Msikilizaji, rudi nyumbani salama.